Daktari Mukami na Mgonjwa wa Mashine

Kila jioni Nabalayo huwakatia wateja mboga ya sukuma wiki kwenye kibanda chake, mtaani Lucky Summer. Huikata nyembamba huku akipiga soga, wala haangalii kisu. Lakini mwaka huu tumbo lilimnyima raha. Akila chapati tu, maumivu humkaba chini ya mbavu. Hospitalini aliambiwa ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, na lazima apasuliwe.

Siku ya kumwona daktari, alisindikizwa na jirani yake Khawla, muuguzi wa hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nabalayo akachungulia, akapigwa na butwaa. Daktari Mukami alikuwa amevaa miwani mikubwa iliyofunika nusu ya uso. Alikuwa akichezesha vyuma viwili juu ya meza tupu.

"Uuwi! Huyu ndiye atanipasua? Si anacheza game!"

"Hachezi, Nabalayo," Khawla akamwambia. "Anafanya mazoezi."

"Wacha nirudi nyumbani!" Akageuka kuondoka. Nani angemlaumu?

Daktari akavua miwani. "Karibu, mama. Hebu jaribu."

Nabalayo akaivaa, akashika vile vyuma. Lo! Alikuwa ndani ya tumbo la mtu. Ini hili hapa, nyongo ile pale. Akasukuma mkono kulia, chuma kikaenda kushoto. Akasukuma tena kwa nguvu. Damu ikaruka, ikajaa kote.

"Yesu wangu, nimeua mtu!"

Khawla akamvua miwani upesi. "Hakuna mtu, ni picha za kompyuta. Siku hizi vyuma hupitia vitundu vidogo tumboni, na daktari hutazama skrini. Mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Kichwa lazima kizoee kujua kila kitu kiko wapi. Wengine hushika haraka, wengine polepole, ila mazoezi huwasaidia wote. Kwani wewe sukuma ulijifunzaje?"

Nabalayo akatazama kovu kidoleni. "Nilijikata sana."

Akamgeukia daktari. "Na wewe, umeua wangapi kwenye mashine hii?"

"Wengi, mama. Siku hizi wanapona. Na siku yako, mwalimu wangu atasimama kando yangu."

Nabalayo akashusha pumzi. "Basi nipasue."

Wiki chache baadaye alirudi kibandani, chapati anakula bila maumivu. Mteja akamuuliza nani alimpasua.

"Daktari mmoja wa kike. Ameua wengi, huyo!"

Mteja nusura aangushe mboga. "Weh! Na ukamkubali?"

"Aliwaua kwenye mashine," Nabalayo akajibu, kisu kikiendelea kukata. "Alipofika kwangu, mkono ulikuwa unaijua njia."