Damu Haikujua Jina la Mtambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nashilu aliwakamua mbuzi, akachemsha maziwa, akamimina ya baba yake kwenye kikombe cha bati chenye alama ya rangi nyekundu. Kikombe hicho hakikuguswa na mtu mwingine pale bomani kwao Kwedizinga. Mama yake, Naishorua, alikipaka rangi siku ambayo mumewe alianzishiwa dawa za kifua kikuu.

Baba huyo, Lenku, alikunywa, akakohoa hadi akashika nguzo ya mlango, kisha akajitanda shuka, akachukua fimbo na kuondoka kama mtu anayekwenda kuchunga. Ng'ombe hakuwa nao. Ukame ulikuwa umewamaliza wengi, na waliobaki walikufa kwa kukosa njia ya kwenda majini, baada ya ranchi ya serikali kuuzwa kwa mtu binafsi na kuzungushiwa waya. Wakubwa walikuja na gari, wakaeleza kwamba soko sasa ni huria. Huria hiyo ilikuwa ya mwenye waya.

Huyo mwenye waya akaleta mtambo wa kusaga mawe meupe. Unga wake ulipakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam kutengenezewa vigae vya nyumba za watu. Lenku alipofika kichakani karibu na mtambo, alificha shuka, akavaa suruali kuukuu, akalisha mtambo mawe hadi jioni. Hakupewa hata kitambaa cha kufunga pua. Baada ya kazi alinawa bombani, akavaa shuka yake, akarudi nyumbani mfugaji. Kwa wazee wa boma lake, mwanamume anayeponda ardhi kwa ujira ameshuka hadhi, na aibu hiyo huwafuata hata watoto wake.

Nashilu alijua. Aliuona unga nyuma ya masikio ya baba yake. Abdi, waliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alijua pia, maana kwao ni jirani na bomba.

"Baba yako siku hizi anachunga mawe?" Abdi alimuuliza. "Yameshazaa?"

"Yamekuzaa wewe," Nashilu alijibu. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka.

Jirani yao, Bi Mwaija, hakucheka na mtambo ule. Mumewe, Awadhi, aliufanyia kazi hadi kifua kikamlaza, akafa. Kijiji kizima kilisema ni TB. Mpaka leo, Bi Mwaija akifika bombani, wapo wanawake wanaosogeza ndoo zao pembeni.

Lenku alimeza dawa miezi mingi, na badala ya kupata nafuu akazidi kukonda. Nashilu aliomba ruhusa shuleni akampeleka tena hospitali, upande wa Korogwe. Alikwenda kama mkalimani. Baba yake Kiswahili alikifahamu, ila mbele ya madaktari alisema Kimasai tu, na maneno yote yakapitia kinywani mwa binti yake.

Safari hii walimkuta daktari mgeni, Daktari Kasmiri.

"Shikamoo, daktari," Nashilu alisema.

"Marahaba. Mzee anafanya kazi gani?"

Nashilu akatafsiri. Baba yake akajibu bila kumtazama.

"Anasema anachunga ng'ombe," Nashilu alisema. Hivyo ndivyo alivyosema hata mara ya kwanza.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. "Makohozi yake hayajawahi kuonyesha wadudu wa TB. Walimpa dawa kwa kukisia. Mimi na wenzangu tunafanya utafiti wa damu. Pafu linapojeruhiwa na kuota makovu, kuna vitu hulitoka vikaingia kwenye damu. Tukivikuta vingi, tunajua tutazame wapi. Akikubali tutampima, na majibu nitamletea mwenyewe."

Lenku alitazama sindano, akasema neno, Nashilu akashindwa kuzuia tabasamu.

"Anasema, sisi humtoboa ng'ombe shingoni tukanywa damu yake. Leo ng'ombe ni yeye. Anaomba usiinywe yote."

Damu ilipelekwa Dar es Salaam. Walipoitwa tena, Lenku alipumzika mara kwa mara kati ya stendi na lango la hospitali, akiegemea fimbo.

"Damu yako ina vitu hivyo vingi sana," Daktari Kasmiri alisema. "Ukiunganisha na picha, haya ni makovu. Lakini damu haisemi kovu limetoka wapi. Hilo litasemwa na mwenye damu. Nisipojua, nitakutibu vibaya, na wewe utarudi kulekule kunakokuumiza. Mzee, kazi yako ni ipi?"

Nashilu alitafsiri taratibu. Baba yake akajibu kwa Kimasai, "Mwambie ng'ombe."

Nashilu alifungua kinywa. Akawakumbuka wanawake wa bombani na ndoo zao. Akaona mkono wa baba yake kwenye fimbo, na ule unga ulionasa kwenye kucha.

"Anasaga mawe," alisema. "Kwenye mtambo. Mimi ndiye niliyekudanganya, maana mdomo ulikuwa wangu."

Lenku alimgeukia binti yake. Nashilu alisubiri kupigwa, au kuambiwa asirudi bomani. Ndipo baba yake akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, pole pole, akitafuta pumzi katikati ya maneno, "Mwaka wa nne huu. Tuko wengi."

Makovu ya vumbi la mawe hayafutiki. Daktari aliwaambia hivyo bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisimamisha dawa za TB, akampa za kumsaidia kupumua, akamkataza vumbi kabisa, akawaandikia wakaguzi wa kazi. Mwenye mtambo alipoulizwa, alisema hajawahi kumwajiri Mmasai yeyote. Lakini wafanyakazi wengine walijitokeza kupimwa, wakataja kazi yao kwa sauti, na wakaguzi walipokuja wakaamuru mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa. Amri hiyo ilichelewa kwa Awadhi. Ilichelewa kwa Lenku pia, ambaye sasa huchunga mbuzi wa karibu na boma tu.

Jioni moja Bi Mwaija alikuja kumjulia hali. Naishorua alipommiminia chai, mgeni alikisukuma kando kikombe kizuri alichopewa.

"Nipe kile chenye nyekundu."

Akanywa chai yote humo, taratibu, akakirudisha kitupu.

"Awadhi alimwambia daktari yeye ni mkulima," alimwambia Naishorua. "Msimamizi aliwatisha, atakayetaja mtambo hana kazi. Huyu wako alinyamaza kwa aibu. Mmoja kanyamazishwa, mwingine kajinyamazisha, na mwenye mtambo kalala usingizi." Akamgeukia Nashilu. "Wewe mtoto, ukienda kwa daktari usimpe nusu ya habari. Damu itasema pafu limeumia. Ila haijui jina la aliyeliumiza. Hilo ni kazi ya mdomo."