Kiungulia cha Nzomo Mchongaji

Kila jioni Nzomo alirudi nyumbani Makongeni kutoka kuchonga vinyago vya watalii, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mke wake Ndindi alimpakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani ikawa kilima, na pilipili juu.

"Kula, Baba Kiema. Mtu wa kazi hawezi kulala na tumbo tupu."

Nzomo alikula, akanawa, akajitupa kitandani. Kabla hata mtoto wao Kiema hajalala, baba alikuwa ameketi tena, ngumi kifuani. Moto ulipanda kutoka tumboni hadi kooni, na maji machungu mdomoni. Akakoroga magadi kwenye kikombe cha maji, akanywa.

Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Jumamosi moja akasema, "Mwisho wa mwezi naweka tezo chini. Nikiinama kuchonga, naungua. Afadhali nirudi kwetu Wamunyu nikalime mbaazi."

Ndindi alimjua Nzomo. Ukimnyima mti wa kuchonga, hata kicheko chake hukauka.

Jumapili, baada ya kanisa, jirani yao Khadro alipita kuangalia kadi ya chanjo ya Kiema. Khadro ni mhudumu wa afya ya jamii. Aliona kikombe cha magadi mezani.

"Magadi haya ni ya mboga au ya mtu?"

"Ya mtu mmoja mkaidi," Ndindi akasema.

"Ya kuzima moto," Nzomo akajitetea.

Khadro aliketi. "Chakula hukwama ukimeza? Umetapika damu? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Umekonda bila sababu?"

"Hapana, hapana, hapana. Na kukonda, muulize mpishi."

"Basi nionyeshe unavyochonga."

Nzomo alikaa sakafuni. Akabana mwiko kwa nyayo zake, akainama mpaka kidevu kikakaribia magoti. Mshipi ulimkata tumbo.

"Hivyo unafanya saa ngapi?"

"Nikishakula tu mchana. Mti mbichi haungoji mtu. Ukiuacha, unapasuka."

"Mtungi uliojaa ukiuinamisha, huwaje?"

"Humwagika."

"Ndivyo. Tumboni kuna asidi ya kusaga chakula. Juu kuna mlango. Ukishiba sana, ukainama au ukalala, ukajikaza mshipi, mlango hushindwa na asidi hupanda. Hicho ndicho kiungulia."

Ndindi aliinamisha uso. "Kumbe ni mimi. Mimi ndiye ninayemjazia."

"Unampenda, Mama Kiema. Mpende mapema, na kwa sahani ndogo. Chakula cha jioni kiwe angalau muda wa saa tatu kabla ya kulala. Na pilipili ipumzishe, uone."

"Chai ya rangi je?" Nzomo akauliza kwa woga.

"Jichunguze. Ikikuchoma, ipunguze. Magadi achia mboga. Kesho nenda zahanati, kiungulia cha mwaka mzima lazima kipimwe. Na maumivu ya kifua yakienda mkononi au yakikukata pumzi, usingoje kesho, kimbia hospitali."

"Na usingizi? Nimepanga mito mitatu."

"Mito hukunja tumbo. Inua kitanda chenyewe upande wa kichwa, kama urefu wa kiganja. Lalia ubavu wa kushoto."

Jumatatu daktari alimpima, akampa dawa ya wiki chache, na kurudia maneno yaleyale ya Khadro. Jioni ile Nzomo alichonga magogo mawili mafupi, mfano wa miguu ya tembo yenye kucha, akayaweka chini ya kitanda upande wa kichwa.

"Watalii wanapewa tembo mzima," Ndindi akamtania, "sisi miguu miwili."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Nzomo alinung'unikia sahani yake kama mtoto. Sikukuu moja alikula nyama ya kukaanga mpaka akashindwa kuinuka, akaungua tena. Lakini sasa alitoka kazini mapema ili ale kabla ya jua kuzama. Baada ya chakula cha mchana alilegeza mshipi, akafunika mti mbichi kwa gunia lenye maji, akasimama kupiga msasa kazi zilizokauka. Kuinama kulingoja.

Moto ulipungua. Zikapita siku tatu bila kuungua, kisha tano.

Siku ya mwisho ya mwezi, Ndindi alisikia mtu akihema mlangoni. Nzomo aliingia na gogo la mpingo begani, akalitua polepole.

"La nini hilo?" Ndindi aliuliza.

"Twiga wawili, shingo zimesokotana. Si kazi ya haraka." Akalipapasa gogo. "Itanichukua miezi minne."

Ndindi aligeukia sufuria haraka, Nzomo asione machozi yake. Akampakulia kidogo.

"Kula, Baba Kiema. Bado kuna jua."