Sare ya Jasho

Kila siku nikitoka shule nilifungua ubao wa sataranji juu ya meza ya Mama ya kukatia nguo, nikacheza na Kaka huku cherehani ikinguruma pembeni. Kaka ndiye aliyenifundisha. Siku hizi nikimshinda, husingizia kelele za cherehani.

Siku ya mwisho ya mashindano ya shule nilipangiwa Kufuli, mvulana aliyeitwa hivyo kwa sababu ulinzi wake haufunguki. Tulikuwa na pointi sawa. Tukitoka sare, sote wawili tungeingia kwenye timu ya wilaya. Ambaye angeshindwa angebaki nyumbani.

Kaka alinivuta kando. "Nimeshaongea na Kufuli. Mtasogeza kete chache, mpeane mikono, yaishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"We Kichwa Ngumu, na ukishindwa je?"

"Nitakuwa nimeshindwa. Sikujifunza mchezo huu nije kuigiza."

Mama, aliyekuja kutazama, alikuwa nyuma yetu, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Alisikia yote.

Tulipoanza tu, Kufuli akaninyooshea mkono. Nikatikisa kichwa. "Cheza," nikamwambia. Akanikazia macho, kisha akacheza kwelikweli.

Alinibana. Akala askari wangu mmoja, akala na wa pili, akamsukuma mfalme wangu pembeni. Kaka alijishika kichwa. Lakini sikukubali kulala. Nilibadilishana naye kete moja moja, nikamwinda askari wake wa mwisho mpaka nikamla. Ubaoni wakabaki wafalme wawili peke yao, na hao hawawezi kufungana. Mwamuzi akatangaza sare.

Kufuli akanipa mkono, umelowa jasho kama wangu. "Siku nyingine pia usinihurumie," akasema.

Kaka alikuwa amenuna. "Si sare ile ile niliyokutafutia? Umetutesa bure."

"Si ile ile," Mama akamjibu. "Nguo ya kushikiza kwa pini na nguo iliyoshonwa, ukizitundika ukutani huoni tofauti. Ivae utembee nayo. Sare yako, mwanangu, ilikuwa ya udanganyifu, wangeionea aibu kila wakipongezwa. Hii wameifanyia kazi, ni yao."

Kaka akatazama chini. Halafu akavuta kiti, akaanza kupanga kete upya.

"Haya, Kichwa Ngumu," akasema. "Nionyeshe ulivyomla yule askari wa mwisho."