Mguu wa Nyangumi

Kila Ijumaa, kabla jua halijapata nguvu, Rabab alipanda nyuma ya pikipiki ya baba yake wakaenda kuwaamsha nyangumi. Hivyo ndivyo baba yake, Abdulgawad, alivyopenda kuiita kazi yake. Alikuwa mlinzi wa bonde moja la jangwani, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini kwao kando ya ziwa la Fayoum. Nyangumi wenyewe walikuwa mifupa tu, iliyogeuka mawe zamani mno, imelala mchangani mahali ambapo bahari iliondoka bila kuaga.

Upepo ukivuma huifunika mifupa, na asubuhi walinzi huifunua kwa brashi laini. Abdulgawad hakugusa mfupa wowote bila kusema Bismillahi kwanza. Kila mfupa ulikuwa na mawe yake pembeni. Mkubwa ulizungushiwa safu nzima, mdogo uliwekewa mawe manne. Walinzi waliyaamini mawe hayo kuliko macho yao, kwa sababu jangwani macho hudanganyika, lakini jiwe halihami lenyewe.

Mfupa uliopendwa kuliko yote na wageni ulikuwa mdogo kuliko yote. Nyangumi aliyekuwa mrefu kama mabasi mawili alikuwa na mguu usiozidi mkono wa Rabab, wenye goti na vidole vitatu, mguu ambao usingeweza kumbeba hata paka. Wataalamu walisema wazazi wa kale wa nyangumi walitembea nchi kavu. Wakaingia majini, na vizazi kwa vizazi, kwa mamilioni ya miaka, miguu ikapungua hadi ikabaki hicho kikumbusho tu.

Rabab alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amehifadhi theluthi ya msahafu, na sauti yake ya kusomea ilisifiwa kijiji kizima. Mguu wa nyangumi na msahafu vilikaa kichwani mwake kama majirani wema, havijagombana hata siku moja. Aliyekuja kuvigombanisha ni Hilal.

Hilal alikaa dawati la nyuma yake, na ulimi wake haukuwa na likizo. Mwalimu alipotangaza kwamba Alhamisi darasa zima litakwenda bondeni, na kwamba Rabab atafungua ziara kwa kusoma aya kisha awaonyeshe mifupa, Hilal alimgonga begani kwa rula.

"Eti, huyo nyangumi wenu mwenye miguu, anavaa kiatu namba ngapi?"

Darasa likacheka. Rabab naye akacheka kidogo, maana swali lilichekesha.

Lakini wakati wa mapumziko Hilal alimfuata bila mzaha. "Kaka yangu anasema anayeamini wanyama hubadilika hana Mungu. Sasa wewe utatusomea maneno ya Mungu kwa mdomo huo huo utuambie nyangumi alikuwa na miguu? Chagua moja, Rabab. Mtu hapandi punda wawili."

Rabab alitafuta jibu, hakuliona. Hilo ndilo lililomuuma. Alasiri ile alisimama kuswali, na alipopeleka paji la uso chini, wazo likamjia bila kubisha hodi: je, kama Hilal anasema kweli? Je, kama mojawapo ya hivyo viwili ni uongo? Akaogopa sana. Alijiona mnafiki aliyeinama kwenye mkeka.

Jumanne baada ya shule alikwenda na baba yake bondeni. Baba alikuwa upande wa pili akiongoza wageni, na Ami Shihata, mlinzi mwenzake mzee, alikuwa kibandani akichemsha chai. Rabab alipiga magoti mbele ya ule mguu. Kama usingekuwapo, kusingekuwa na swali. Akaanza kusukuma mchanga kwa viganja vyote viwili hadi kidole cha mwisho kikatoweka. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto wa mlinzi alijua halifanywi: akayachukua mawe manne, moja moja, akayapanga mbali pasipo na kitu. Alijiambia kwamba Ijumaa, ziara ikishapita, atayarudisha.

Lakini Jumatano ukaja upepo wa khamsini, ule wa moto unaokuja na nusu ya jangwa mgongoni. Ulivuma kutwa kucha. Ziara ikaahirishwa kwa wiki moja. Ulipotulia, walinzi walikwenda na brashi zao, wakafuata mawe kama kawaida, wakafukua. Hapakuwa na mguu. Wakachimba hadi kiunoni. Hapakuwa na kitu.

Mkaguzi alifika kutoka mjini akiwa na uso uliokunjwa. Mfupa kama ule, alisema, haupotei, huibiwa. Akafungua daftari la zamu. Aliyelala bondeni Jumanne alikuwa Shihata.

"Una hadi Jumapili, mzee," mkaguzi akamwambia. "Mfupa usipopatikana, nitakuondoa kazini na jina lako litakwenda polisi."

Ami Shihata alikuwa amelinda mifupa ile miaka ishirini na saba, na alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Hakubishana. Aliondoa mchanga kwenye ndevu zake akasema, "Basi, ndivyo ilivyoandikwa."

Rabab aliyasikia maneno hayo kutoka kwa baba yake Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, kabla hajarudi bondeni, na akayashika kwa mikono miwili. Ndivyo ilivyoandikwa. Kama Mungu aliandika, basi yeye Rabab alikuwa brashi tu mkononi mwa mwingine. Na upepo je? Upepo si wake. Alijifariji hivyo tangu adhuhuri, lakini mkate wake ukabaki sahanini.

Alasiri ya Ijumaa alikwenda kwa Bi Inshirah, mwalimu wake wa Kurani. Bi Inshirah hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliwasikiliza wanafunzi wake huku akiparua perege waliovuliwa ziwani, na mtu akikosea herufi moja tu, kisu kilisimama.

Siku ile kisu kilisimama mara tano.

"Leo unasoma kama mtu aliyefukuzwa na mbwa," alisema Bi Inshirah. "Nini kimekupata?"

"Hakuna kitu, Bi Inshirah."

"Hiyo 'hakuna kitu' haimkoseshi mtu mara tano. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema."

Rabab hakusema alichokifanya. Alianza na lililokuwa jepesi kidogo. "Hivi, mtu akiwa na shaka, ameshakufuru?"

Bi Inshirah alimtupa perege kwenye beseni, akachukua mwingine. "Nabii Ibrahimu alimwomba Mungu amwonyeshe anavyofufua wafu. Alikuwa anaamini, ila moyo wake ulitaka kutulia. Alipigwa radi?"

"Hapana. Alionyeshwa."

"Basi wewe ni nani hata uogope kuuliza? Swali likiulizwa ni mgeni, utalikaribisha na utaliaga. Likifichwa ndilo linalogeuka mwizi."

Neno mwizi lilimfanya Rabab atazame pembeni. Akaeleza maneno ya Hilal yote, kuhusu mguu, kuhusu punda wawili. Bi Inshirah alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kimyakimya.

"Mtoto mmoja anakaa tumboni miezi tisa. Anaanza tone, hana mkono, hana jicho, anageuka siku kwa siku. Kuna anayesema Mungu hakumuumba kwa sababu alichukua muda? Sisi wenyewe tunaambizana haraka haraka haina baraka, halafu tunamdai Mungu afanye haraka. Kama alitaka kumfanya nyangumi kwa miaka milioni kadhaa, na huko nyuma akampitisha nchi kavu, alikuwa anachelewa wapi? Msahafu umetuamrisha tutembee ardhini tuone uumbaji ulivyoanza. Baba yako anatembea. Kaka yake Hilal ametembea hadi wapi? Hadi dukani."

Rabab alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Na sisi watu je? Na Adamu?"

Kisu kikasimama, safari hii pasipo kosa. "Hapo wenye elimu bado wanabishana, na mimi sitakudanganya kwamba nimewashinda. Nina imani yangu na nina swali langu, na vyote viwili vinalala nyumba moja wala hakijafa kimoja. Anayekwambia uchague kati ya Mungu na unachokiona kwa macho yako, yeye ndiye aliyemfanya Mungu mdogo."

Swali la Hilal lilikuwa jepesi sasa. Halafu akakumbuka Ami Shihata. Akauliza polepole, "Na mtu akifanya kosa, Bi Inshirah, na Mungu alishajua atalifanya, kosa si limeandikwa tu?"

Bi Inshirah aliinua macho kutoka kwenye samaki. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Mungu alijua tangu jana kwamba leo nitaparua perege. Lakini nikikata kidole kwa uzembe wangu, nitamwambia daktari kwamba kisu alikishika Mungu?"

"Hapana."

"Kujua si kusukuma. Mimi nilijua leo una jambo tangu ulipovua viatu mlangoni. Je, mimi ndiye niliyekutia hilo jambo?"

Rabab akalia. Alilia kwa sauti, na maneno yakatoka pamoja na machozi: mchanga, mawe manne, Ami Shihata, polisi. Bi Inshirah hakumkumbatia kwa sababu mikono yake ilijaa magamba, lakini alimsogezea kanga ya begani kwa kiwiko afute uso.

"Ulikuwa na mikono miwili Jumanne," alisema kwa upole. "Bado unayo. Baba yako yuko wapi saa hizi?"

"Bondeni. Yeye na Ami Shihata, bado wanatafuta."

"Basi nenda. Mwambie mpwa wangu akupeleke kwa gari la samaki. Litanuka, lakini leo huna haki ya kuchagua."

Walinzi wale wawili walikuwa wameketi kibandani, chai yao ikipoa. Rabab alisimama mlangoni. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamkimbia. "Hakuna mwizi," akasema. "Ni mimi. Niliufukia mguu, nikahamisha mawe."

Baba yake aliinuka nusu, akakaa tena. "Wewe? Rabab, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuyaheshimu mawe?"

"Ndiyo, Baba. Nilitaka darasa lisiuone. Nimekosa."

Ami Shihata aliinuka. Akachukua brashi tatu ukutani, akampa Rabab moja, akatangulia nje.

Rabab alisimama kando ya fuvu la nyangumi, akauelekeza uso kwenye jabali lile alilolitazama Jumanne alipopiga magoti, akahesabu hatua. Upepo ulikuwa umerundika mchanga hadi magotini. Walifukua mpaka jua likaelekea kuchwa, wakarudi Jumamosi alfajiri wakaendelea. Ilikuwa karibu na adhuhuri brashi ya Rabab ilipogusa kitu kigumu. Kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Alilia tena, na hakuna aliyemkataza.

Jumapili mkaguzi alikuja, akautazama mguu, akasikiliza habari yote kutoka kwa Rabab mwenyewe. Akafuta jina la Shihata kwenye taarifa. Baba yake Rabab aliandikiwa onyo kali kwa kumwacha mtoto peke yake kwenye mifupa, akalipokea. Kisha akamgeukia binti yake. "Adhabu yako ni hii. Alhamisi utawaonyesha wenzako mguu, na utawaambia jinsi ulivyopotea mguu huo."

Alhamisi ikafika. Rabab alisoma aya yake mbele ya darasa, akaisoma vizuri. Kisha akawapeleka kwenye ule mguu, akawaeleza goti, vidole, na mamilioni ya miaka. Akawaeleza pia mchanga na mawe. Hapo pia hakuruka kitu.

Hilal alichuchumaa akavihesabu vidole mwenyewe. "Kumbe ni kweli vipo," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Sasa umechagua kipi?"

"Sikuchagua," Rabab akajibu. "Namwamini Mungu, na mguu nauona. Nisilolielewa nitaendelea kuuliza."

Hilal alikuna kichwa. Akavihesabu vidole tena.

Ami Shihata alikuwa amesimama nyuma ya watoto. Tangu Ijumaa hakuwa amemsemesha Rabab hata neno, na kimya chake kilimuuma kuliko onyo la mkaguzi. Watoto waliposogea kwenye mifupa mingine, alimwendea.

"Mimi nilisema imeandikwa, nikakaa," alisema. "Ilikuwa rahisi kukaa. Ungeweza nawe kusema hivyo hivyo, na mimi leo ningekuwa kituoni." Akainama akalinyoosha jiwe moja lililoegemea upande. "Mungu anaandika mengi, binti yangu. Lakini ule mlango wa kibanda siku ya Ijumaa, kuingia au kurudi, alikuachia wewe. Ukaingia. Nimekusamehe."

Kisha akamwita kwa jina lake, akamwambia aende akawaangalie wenzake wasije wakakanyaga mbavu.