Hodi ya Ekzosi

Kwanza ilikuwa harufu. Pikapu ya kaka yake fundi ilirudi gereji saa nane mchana, na badala ya moshi wa dizeli, ekzosi ikawa inatoa harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani. Fundi aliinama, akanusa, akacheka peke yake. Mtu aliyechomelea vyuma miaka kumi na sita hana pua ya kujivunia.

Kazi yenyewe alikuwa ameifanya barabara kabla ya safari ile. Kila kaka yake alipovuka korongo kavu, sailensa iligonga jiwe bapa lililo katikati, ngo, kisha ikakwaruza mpaka ikatoboka. Basi fundi akakata bomba, akalipandisha juu ya ekseli, akalibana ubavuni mwa chasisi na kulitokeza nyuma ya tairi. Safari ya kwanza, kaka alimchukua Kidoti, binti pekee wa fundi, mwenye miaka sita, akaone gari linavyopita juu ya mawe bila kugusa.

"Tumepita kimya, mdogo wangu, mikono yako ni dhahabu," kaka alisema. "Ila pale katikati kitu kama kililia chini ya tairi. Nikashuka kutazama, hamna kitu. Kidoti naye alishuka, akachelewa kidogo kurudi."

Jioni Kidoti hakugusa chakula. Aliomba maziwa, akayanywa yakiwa bado yanatokota. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na mkewe akamvuta fundi jikoni.

"Baba Kidoti, sema polepole. Huyu mtoto ananitazama kama mgeni."

"Amechoka na safari."

"Leo ameniuliza choo kiko wapi. Choo cha nyumba aliyozaliwa."

Fundi alimkemea, na alijua amemkemea kwa sababu hata yeye ameogopa.

Siku ya tatu, pikapu ikiwa imezimwa tangu asubuhi na ufunguo uko mfukoni mwa fundi, ekzosi iligonga kutoka ndani, ngo, ngo, ngo, taratibu, kama mtu aliyesimama mlangoni na anajua wenyeji wapo. Wakamwita mganga. Mama huyo alichuchumaa nyuma ya gari, akategesha sikio kwenye bomba, kisha akaufunga mkoba wake bila kutoa hata kitu kimoja.

"Nani alilipandisha?"

"Mimi, mama."

"Lilipokuwa chini, liligonga lile jiwe kila mkipita. Wenye pale, majini, wakasikia hodi, wakawaondoa watoto wao njiani. Safari hii mmeingia bila hodi, mkamkanyaga mtoto wao."

"Tufukuzie, mama. Nakuomba."

"Jini mtundu namfukuza. Mwenye msiba nimfukuze vipi?" Alisema bila kumtazama Kidoti, aliyekuwa amekaa kizingitini. "Lirudisheni bomba chini. Kabisheni hodi, muombe radhi. Na huyu mwende naye."

Fundi alilirudisha bomba siku hiyo hiyo, kwa haraka mpaka akajichoma mikono mara mbili. Kesho yake saa sita mchana walifika korongoni, kaka kwenye usukani, Kidoti katikati, na gari likateremka polepole mpaka sailensa ikaligonga lile jiwe, ngo, kisha kaka akazima injini na ile harufu ya maziwa ikapanda kutoka chini, nzito, ikawajaa kooni. Fundi alishuka, akapiga magoti kwenye changarawe, akaweka mdomo karibu na jiwe.

"Hodi," alinong'ona. "Tumekosa. Tusameheni."

Kisha chini, mbali sana chini, sauti ndogo iliyokauka kwa kulia ikamjibu, na aliitambua kabla haijamaliza, maana ndiyo iliyokuwa ikimpokea mlangoni kila jioni.

"Baba? Baba, niko huku."

Alichimba kwa vidole mpaka kucha zikang'oka, na jiwe halikutikisika, na sauti ikaendelea kumwita huku ikizidi kwenda mbali, akawa anamlilia kaka yake alete mtaimbo, na kaka ameganda kwenye usukani kwa sababu ya yule aliyekaa ubavuni mwake.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mkono mdogo wa moto ukamgusa fundi begani.

"Twende, baba," kile kitoto kilisema kwa upole. "Mama ameshachemsha maziwa."