Ukishika Gitaa la Guy

— Guy?

Mpano aliacha kupiga. Mama Espérance alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo, ameukodolea macho mgongo wa kijana huyo.

— Ni mi, mama. Mpano.

— Aa. Ni we.

Akarudi jikoni. Dorothée, aliyeketi mkekani, alimfuata kwa macho. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu mumewe Guy apande boti kwenda Mboko, ziwa likammeza. Mwili haukuonekana. Na mama mkwe wake, huyo Mama Espérance, hakuwahi hata siku moja kutamka kwamba mwanawe amekufa. Alisema tu, "Guy hajarudi," na kila jioni alimwekea sahani yake ya ugali na samaki wa mikebuka.

— Umeona? Dorothée alinong'ona. Ukishikaka hiyo gitare ya Guy, hata mi naogopa kukuangalia.

Magitaa yalikuwa mawili, yote ya umeme. La kahawia lilikuwa la marehemu, lenye tumbo lililo wazi ndani. Jeusi, la mbao ngumu isiyo na uwazi, Alphonse, muuza magitaa wa sokoni Baraka, alikuwa amemruhusu Mpano kulijaribu mpaka matanga yaishe.

— Sikia hii, Mpano alisema, akichomeka waya wa gitaa jeusi kwenye ampli ya kukuza sauti.

Akavuta kamba moja. Sauti ikatoka kali, ikarefuka, ikalia mpaka Dorothée akajishika kifua.

— Hii ni ya blues. Ukivuta kamba, inalia. Hata ukipandisha sauti ya ampli, haivumi ovyo. Lakini jazz inataka tumbo. Ya Guy iko na joto, sauti yake inakuya laini.

— Na we unataka gani?

— Masikio yangu inataka ya Guy. Mi mwenyewe naogopa.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Katika ukoo wa Guy, siku ya kuondoa matanga, chombo cha kazi cha marehemu huwekwa katikati ya uwanja. Mvuvi huwekewa wavu, mkulima jembe. Mwanamume atakayekishika na kukitumia mbele ya watu ndiye anayeingia mahali pa marehemu: mke, nyumba, watoto, na jina pia. Kuanzia saa hiyo Mpano angeitwa Guy mpaka kufa kwake. Na asiposhika mtu, mjane hurudi kwao, watoto hubaki. Dorothée alikuwa na mmoja tu, Divine, wa miaka sita.

Mpano na Guy walipiga muziki pamoja miaka mingi. Baada ya msiba, Mpano alikuja kutoa pole, akasahau kuacha kuja. Mapenzi yakaingia hivyohivyo, kwa aibu, bila kupiga hodi.

— Lakini mama anaweza kukubali mugeni wa milimani, mutu wa yulu ku plateau, aingie mu hii nyumba? Dorothée aliuliza.

— Aliniambia yeye mwenyewe. "Ukicheza gitare ya mutoto yangu, sitauliza unatoka wapi."

— Sababu anamutaka Guy. We hakutaki.

— Na we, Doro? Unamutaka nani?

Dorothée aliinama, akaanza kuchomoa ukindu wa mkeka. Kusema kweli, kulikuwa na siku Mpano akipiga lile la kahawia yeye alifumba macho, akamwacha Guy arudi. Alijua ni dhambi, na alijua ni tamu. Mpano akakusanya waya zake polepole, akaaga.

Asubuhi ya siku ya kuondoa matanga simu ya Dorothée ikalia. Ujumbe wa Mpano:

"Doro, nitakamata ya Guy. Siwezi kukubali ukose Divine. Jina ni kitu kidogo."

Dorothée akajibu: "Usishike! Tutatafuta njia ingine."

Haukujibiwa. Akapiga, simu imezimwa. Wanaume bwana! Wakishaamua kukufia, hawakuulizi kama unataka mfu.

Uwanja ulijaa. Ndugu walitoka Lubondja, wengine Mboko. Gitaa la kahawia lilikuwa juu ya kiti, limefunikwa kitenge. Mpano akapita katikati ya watu, lile jeusi likiwa mgongoni, akafunua kitenge. Kabla ya kuanza, akalipiga gitaa ubavuni kwa kiganja mara mbili.

Watu wakashtuka. Ndivyo Guy alivyokuwa akifanya.

Kisha akapiga. Kila kitu kilikuwa cha Guy: kichwa kuinamia kushoto, vidole kukimbilia noti ya mwisho kabla ya wakati wake, hata kosa lake la kila siku. Alikuwa amejifunza kutoka kwenye video za simu ya Dorothée. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Espérance akamkimbilia, akamkumbatia pamoja na gitaa.

— Guy! Mutoto yangu! Umerudi?

Mpano akamwinamia.

— Nimerudi, mama.

Kwa desturi mjane humpokea kwa wimbo aliyeshika chombo, na zamu ya Dorothée kuimba ilikuwa imefika. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakutamani kufumba macho. Alimtafuta Mpano usoni pale, hakumwona. Badala ya kuimba, akaita.

— Mpano!

Watu wakageuka.

— Mpano, weka hiyo gitare chini.

— Doro... na Divine?

— Najua. Weka.

Akamgeukia mama mkwe, akapiga magoti.

— Mama, unisamehe. Guy alikufa. Mwaka muzima nafunga macho huyu akicheza, najidanganya ni yeye. Tulitaka kumunyanganya huyu hata jina yake. Mukinikatalia Divine, nitalia mpaka nikauke. Lakini sitalala na mufu mu mwili ya mutu muzima. Namupenda Mpano. Si Guy, mama. Mpano.

Mama Espérance alichukua gitaa la mwanawe, akaketi nalo chini kwenye vumbi. Hakuna aliyethubutu kumsogelea.

— Alikufa, alisema mwishowe, kama anayejaribu neno la kigeni. Guy yangu alikufa mu maji.

Kilio kilichotoka hapo kilikuwa kilio cha siku ya kwanza ya msiba. Dorothée akamshika, wakalia kichwa kwa kichwa. Walipotulia kidogo, mzee Déogratias, baba mdogo wa Guy, akakohoa.

— Na mutoto? Desturi inasema abakie.

— Nilikuwa namushika angojee baba yake, Mama Espérance alijibu. Sasa amungojee nani? Aende na mama yake. Kila Jumapili, siku ya Mungu, bamulete, nimuone.

Mzee akainamisha kichwa. Hakuna mwingine aliyepinga. Mama Espérance akajifuta uso kwa kitenge, akamtazama Mpano kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia kwenye uwanja wake.

— We, unaitwa nani?

— Mpano, mama.

— Mpano, alirudia. Kamata ile yako nyeusi, Mpano. Ukuye unisaidie kumulilia mutoto yangu.