Pumzi za Ndege Iliyostaafu

Betri za ndege ile zilitolewa miaka thelathini iliyopita. Kwa hiyo Delbert Hruska alipochomeka waya wa hedifoni chini ya pua ya ndege hiyo na kusikia mtu anapumua, alidhani ni masikio yake tu. Ana miaka sabini na tisa, na masikio hayo yamepigiwa kelele za injini tangu ujana. Akaivua hedifoni, akaipuliza vumbi, akaivaa tena. Pumzi zilikuwa pale pale. Ziliingia kwa mvuto mrefu na kutoka kwa kukwaruza, kama za mtu aliyefungiwa ndani ya helmeti.

"Orville," aliita, "hebu njoo usikilize hiki kidude."

Orville Tate, mwenzake wa kujitolea pale makumbusho, alikuja na donati mkononi. Akasikiliza huku anatafuna, akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu. Ila mimi siku hizi namsikia mke wangu peke yake, na yeye namsikia hata nikiwa nimelala."

"Basi acha."

"Nimeacha. Wewe pangusa hilo gurudumu, Jumamosi wageni wanakuja."

Ndege za ujasusi zikistaafu, nyingi hukatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu. Chache zenye bahati hutundikwa juu ya nguzo kwenye mageti ya kambi, au hupelekwa kwenye makumbusho kama haya ya hapa jangwani Mojave, wazee wakazipaka rangi nyeusi upya na watoto wakapiga picha chini ya mbawa. Mara moja kwa mwaka chumba cha rubani hufunguliwa. Ndege inaunganishwa na umeme wa nje, mgeni anakaa kwenye kiti, mzee mmoja anasimama chini na hedifoni, wanazungumza kama siku za kazi, na walio kwenye foleni wanasikia kwa spika. Watu wanapenda sana mchezo huo.

Mimi nimekaa na watu hawa miaka mingi, nawapenda, lakini kwa mambo haya ni watoto wachanga. Kwetu pwani kila mtu anajua kwamba zamani majini walikuwa wakipanda juu kudukiza habari za mbinguni, mpaka wakafukuzwa kwa vimondo vya moto. Sasa wewe unatengeneza chombo, unakipeleka huko huko juu, kimya kimya, kikadukize habari za wenzio, halafu unashangaa kimerudi na abiria. Kilichorudi na ndege ile kilikuwa hodari wa kusikiliza. Kilikuwa kimehifadhi yote kiliyosikia, ya juu na ya chini, na Jumamosi hiyo kilikuwa na mgeni wake.

Mgeni huyo alikuwa Colleen Brandvold, mwanamke anayekaribia sitini, kutoka Minnesota. Baba yake, Kapteni Roy Brandvold, alirusha ndege pacha ya hii ya makumbusho, ikaanguka naye baharini mwaka wa sitini na tisa. Colleen alikuwa ameandika barua makumbusho, akiuliza kama kuna mtu yeyote aliyemjua baba yake. "Mama yangu alikufa akiamini mumewe alirusha ndege akiwa amelewa," aliandika. "Nataka kujua kama ni kweli, na nitakuja Jumamosi mtakapofungua chumba cha rubani." Delbert ndiye aliyeipokea barua hiyo. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, na hakumwambia mtu.

Kwa sababu Delbert ndiye aliyemvika Kapteni Brandvold asubuhi ile. Ndiyo ilikuwa kazi yake jeshini, kuwavika marubani yale mavazi mazito ya angani, mwenzake akisoma orodha naye akijibu. Glavu? Zimefungwa. Helmeti? Imefungwa. Mpira wa hewa? Hapo alitakiwa auvute kwa mkono ule mpira unaomletea rubani oksijeni, ahakikishe umeshika. Alikuwa amechoka, anawaza sigara yake, akajibu, "Umekaguliwa." Hakuugusa. Baadaye neno likapita kambini kwamba kapteni alikunywa kwenye sherehe usiku wa kuamkia safari, na Delbert akaliacha lipite. Aliliacha kwa miaka hamsini na sita.

Siku ya Alhamisi, mchana wa jua kali, alichomeka tena waya. Safari hii kulikuwa na harufu, ya baridi na shaba, kama mdomo unapotoka damu, na alipoinua macho akaona kioo cha chumba cha rubani kimeganda barafu kwa ndani. Pumzi zikakoma. Sauti ikauliza, taratibu, "Glavu?"

"Zimefungwa," Delbert alijibu kabla hajajijua.

"Helmeti?"

"Imefungwa."

"Mpira wa hewa?"

Akaichomoa hedifoni kichwani na kuitupa sakafuni. Alimwambia Orville kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi wasifungue kile chumba.

"Una wazimu. Foleni yote itakuwa ya nini? Ya kuangalia upara wako?"

"Orville, nakuomba. Kuna kitu humo."

"Kuna panya humo. Niliwaona mwezi uliopita."

Angeweza kumwambia sababu. Angeweza hata kumpigia simu Colleen akamwambia. Alikwenda nyumbani, akala chakula chake, akalala.

Jumamosi Colleen alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Orville akampandisha ngazi, akamfunga mikanda, akateremka, na kabla mguu wake haujagusa sakafu, kile kifuniko cha kioo, ambacho huinuliwa na wanaume wawili, kikajifunga chenyewe juu ya yule mama. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Delbert hakucheka, maana hedifoni ilikuwa masikioni mwake, na pumzi alizozisikia sasa zilikuwa mbili, moja ile ya zamani, ndefu, isiyo na haraka, na nyingine ya mwanamke anayetafuta hewa na haipati, na kioo kilikuwa kinaganda barafu kuanzia pembeni kuja katikati, na ndani ya ile sehemu ndogo iliyobaki wazi kiganja cha Colleen kilikuwa kinagonga, kinagonga, na macho yake yamemtazama yeye, yeye peke yake, huku Orville amepanda tena ngazi na nyundo na nyundo inadunda kwenye kioo bila kukikwaruza, na kutoka kwenye spika ikatoka sauti ambayo kila mtu pale aliisikia.

"Mpira wa hewa?"

Delbert alijua anachotakiwa kusema. Aliwaona watu wote wale, majirani zake, wenzake wenye kofia kama yake, watoto.

"Mpira wa hewa?"

Kiganja kilikuwa kinateleza kwenye kioo.

"Mpira wa hewa?"

"Sikuukagua," alisema, na spika ikalipeleka neno hilo ukumbi mzima. "Nilisema umekaguliwa. Sikuugusa. Brandvold hakunywa chochote."

Kifuniko kikafyatuka. Kitu baridi kilipita juu ya vichwa vya watu kuelekea mlangoni, taa zikayumba, na ile harufu ikatoweka.

Orville alimteremsha Colleen, midomo yake imekuwa ya bluu. Alikaa sakafuni mpaka akapata pumzi, akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya Delbert.

"Barua yangu uliipata?"

"Niliipata, mama."

"Miaka yote hii naambiwa baba yangu alikuwa mlevi. Uongo huo nimeshauzoea, nitaubeba." Alikuwa anaongea polepole, kifua bado kinauma. "Lakini sasa hivi nilikuwa nakugongea. Unaniona. Umeulizwa mara tatu. Mbona ulinyamaza?"

Delbert alitaka kusema lile dubwana lilimkaba ulimi, na Orville angemwamini, na huenda hata yule mama angemwamini. Aliikandamiza hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akasikiliza, akiomba lipumue, licheke, lifanye lolote lile.

Jini lilikuwa limekwenda zake. Halikuwa limemshika ulimi hata mara moja, na Colleen alikuwa bado amesimama pale anangoja jibu.